Mfalme Asiyeiona Karema



Mtoto akiuliza shuleni ni nani aliyejenga boma la kwanza la Wazungu hapa Karema, mwalimu hujibu: ni Kapteni Cambier, Mbelgiji, mwezi wa Agosti 1879. Jibu hilo ni sawa, lakini halijatimia, kwa kuwa Cambier alitumwa. Aliyemtuma ni mfalme aliyekaa Brussels, ambaye hakukanyaga kamwe nchi hii wala ile ya ng'ambo ya ziwa. Jina lake ni Leopold wa Pili, na mwezi huu twasimulia habari zake.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1835, akatawazwa Desemba 1865 baada ya kufa baba yake, Leopold wa Kwanza. Nchi yake ilikuwa ndogo, tena ilikuwa na baraza la wawakilishi, wala amri ya mfalme haikuwa na nguvu pasipo sahihi ya waziri. Basi moyo wake ukatamani nchi za mbali. Septemba 1876 aliwakusanya Brussels wasafiri na wataalamu wa jiografia, nao wakaunda Chama cha Kimataifa cha Afrika. Neno walilolitangaza lilikuwa jema: kuchunguza nchi, kuwapa wasafiri mahali pa kupumzika, na kukomesha biashara ya watumwa.

Karema ilikuwa tunda la neno hilo. Mwaka ule ule wa 1879 mfalme aligharimia tembo wanne kutoka Bara Hindi, wakashushwa Msasani, ili ijulikane kama tembo waweza kuchukua mizigo mpaka ziwani badala ya wapagazi. Hawakufika wote, wengine walikufa njiani. Kiongozi wao, Kapteni Carter, aliuawa vitani mwaka 1880 huko Mpimbwe. Mwaka 1883 Storms, mkuu wa boma la Karema, akavuka ziwa na kujenga boma jingine huko Mpala. Desemba 1884 wapiganaji wake wakamwua mtemi Lusinga na kumkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Hapo neno lile la huruma likaanza kuonyesha meno.

Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yalikuwa yamemkubali Leopold kuwa mtawala wa Dola Huru ya Kongo. Karema ilibaki upande wa Wadachi, kwa hiyo akawaachia Mapadre Weupe boma lake. Lakini ng'ambo ya ziwa alitawala peke yake, pasipo baraza wala mtu wa kumwuliza.

Sasa tazameni ajabu hii. Mwaka 1889 Ubelgiji ilitoa sheria ya kukataza watoto wasiotimiza miaka 12 wasifanye kazi viwandani, na mfalme akaitia sahihi yake. Haikupita miaka mitatu, sahihi hiyo hiyo ikatiwa katika amri za Kongo zilizofanya mpira na pembe za ndovu kuwa mali ya Dola. Kila kijiji kiliamriwa kuleta kiasi chake cha mpira. Wake walifungwa mpaka waume zao warudi na mzigo. Askari walikata mikono ya watu, waionyeshe kwa wakubwa wao kwamba risasi hazikupotea bure. Mwaka 1904 ilipigwa picha ya Nsala, mtu wa Wala, ameketi barazani akitazama mkono mmoja na mguu mmoja: ndivyo vilivyosalia vya binti yake mdogo.

Mwaka huo huo ilitolewa taarifa ya Roger Casement, balozi wa Uingereza huko Kongo. Mfalme akaunda tume yake mwenyewe, nayo mwaka 1905 ikathibitisha mabaya hayo. Novemba 1908 alilazimika kuiachia Ubelgiji nchi ile, lakini kwanza aliamuru karatasi za serikali yake ya Kongo zichomwe moto. Akafa tarehe 17 Desemba 1909, baada ya kutawala miaka 44. Juni 2020 Mfalme Philippe, wa ukoo wake, alimwandikia Rais wa Kongo kueleza majuto yake.

Wasomaji, mtu alikuwa mmoja na kalamu ilikuwa moja. Brussels watu walisoma alichoandika, wakamwuliza. Kongo hapakuwa na wa kumwuliza. Wazee walisema, penye wengi hapaharibiki neno. Nasi tusidhani kwamba jambo hili ni la wafalme tu. Baba ashikaye peke yake ufunguo wa ghala, na mwalimu atunzaye peke yake fedha za shule, huenda ni watu wema. Hata hivyo, na waweke daftari wazi, na wake zao na wenzao wapewe ruhusa ya kuuliza. Aonaye uchungu kwa kuulizwa na akumbuke zile karatasi zilizochomwa Brussels.