Barua kwa Uvira: Chimbuko la Risasi Zilizowalenga Wanafunzi wa Kongo

Kwa wazee, akina mama, walimu na vijana wa Uvira, wa Bonde la Ruzizi na wa ufuo wa ziwa hadi Makobola, Baraka na Fizi.

Wana wa Uvira walio ughaibuni wanawaletea suala linalomgusa kila mzazi anayempeleka mtoto wake chuoni Bukavu, Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa, yaani kwa nini dola la Kongo limewahi, zaidi ya mara moja, kuwaelekezea bunduki wanafunzi wake. Jibu lililozoeleka, kwamba Rais Mobutu alikuwa katili, ni la kweli lakini halitoshi, kwa sababu ukatili wa mtu mmoja haufiki bwenini usiku wa manane bila jeshi lililozoea kutii amri ya namna hiyo, na bila historia iliyomfundisha mtawala kumwogopa kijana aliyesoma.

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium waliteremka kutoka kilima cha Amba kuandamana mjini Kinshasa, wakidai fedha za kujikimu zinazotosha na sauti katika uendeshaji wa chuo, na askari wakawapiga risasi. Serikali ilitaja idadi ndogo ya waliokufa, ilhali wenzao walitaja idadi kubwa zaidi. Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Juni 1971, wanafunzi walipowakumbuka marehemu hao, chuo kilifungwa na wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990, watu wenye silaha waliingia katika mabweni ya Lubumbashi na kuwashambulia wanafunzi gizani.

Chimbuko la kwanza liko katika jeshi lenyewe. Force Publique, jeshi lililoundwa chini ya Mfalme Leopold II katika miaka ya 1880, halikuwa jeshi la kulinda mipaka peke yake, kwani kazi yake ya kila siku ilikuwa kuwalazimisha wenyeji kuleta mpira, kubeba mizigo, kulipa kodi na kutii. Askari alipangwa mbali na kwao, ili asiwe na ndugu wa kumwonea huruma miongoni mwa aliotumwa kuwatiisha. Wanajeshi walipoasi mwezi wa Julai 1960, siku chache tu baada ya uhuru, maofisa wa Kibelgiji waliondolewa na jeshi likapewa jina jipya, lakini mazoea ya kumwona raia kama mtu wa kutiishwa hayakuondolewa. Mobutu, aliyewekwa kuwa mnadhimu mkuu wa jeshi hilo mwaka huo huo, alikuwa amepata mafunzo yake ya kijeshi katika Force Publique.

Chimbuko la pili ni elimu iliyobanwa kwa makusudi. Wabelgiji walieneza shule za msingi na za ufundi, lakini walichelewesha elimu ya juu kiasi kwamba Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 tu, na siku ya uhuru Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika hata 30. Uhaba huo ulimpa msomi thamani isiyo ya kawaida, na mwezi wa Septemba 1960 Mobutu aliwakabidhi wahitimu na wanafunzi serikali ya muda iliyoitwa Baraza la Makamishna. Kwa hiyo mtawala alijua kutokana na uzoefu wake mwenyewe kwamba wanafunzi wangeweza kushika dola, na aliyewahi kuwatumia wengine kama ngazi ya kupandia hakosi kuhofu kwamba ngazi hiyo itamfikisha mtu mwingine.

Hofu hiyo ilizidi baada ya Mobutu kutwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Umoja wa Wanafunzi wa Kongo, uliojulikana kwa kifupi kama UGEC, ulikuwa umeundwa mwaka 1961, muda mfupi baada ya Patrice Lumumba kuuawa, nao ulidai uhuru wa kweli wa uchumi na siasa. Chama cha Mobutu, MPR, kilichoanzishwa mwaka 1967, hakikuvumilia sauti nje yake. Mwezi wa Januari 1968 wanafunzi walipopinga ziara ya Hubert Humphrey, Makamu wa Rais wa Marekani, kwenye mnara wa Lumumba, kiongozi wao alikamatwa na UGEC ikapigwa marufuku. Wakati huo huo thamani ya fedha ilikuwa imeshushwa mwaka 1967 na bei zikapanda, hivi kwamba mwanafunzi asiye na chakula cha kutosha aliyaona magari ya wakubwa wa chama yakiongezeka. Njia halali za kulalamika zilipofungwa, barabara ndiyo iliyobaki.

Chimbuko la tatu, na pengine lenye madhara makubwa kuliko yote, ni kutowajibishwa kwa waliofyatua risasi. Baada ya Juni 1969 waliofikishwa mahakamani ni wanafunzi, si askari, na baadhi yao walihukumiwa vifungo virefu kabla ya kusamehewa. Mwezi wa Agosti 1971 vyuo vikuu vitatu, vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani, viliunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, ili serikali ivishike vyote kwa mkono mmoja. Askari wa mwaka 1990 alirithi funzo kwamba kumuua mwanafunzi hakuna gharama. Mobutu alikuwa ametangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990, na vijana waliposadiki tangazo hilo na kuwageukia wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi wa serikali, jibu lilikuja Lubumbashi kwa mapanga na visu. Serikali ilikiri kifo kimoja tu, na Ubelgiji ilipodai uchunguzi wa kimataifa na kusimamisha misaada yake, Mobutu aliukataa uchunguzi huo.

Kwamba njia nyingine iliwezekana, hilo linaonekana ng'ambo ya ziwa, nchini Tanzania. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam walipoandamana kupinga ulazima wa Jeshi la Kujenga Taifa, Rais Nyerere aliwarudisha nyumbani wanafunzi wapatao 400, adhabu kali iliyozua malalamiko, lakini hakuna aliyezikwa. Tofauti haikutoka kwa tabia ya kiongozi peke yake: Tanganyika, baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, ililivunja jeshi iliyolirithi na kujenga jingine upya, ilhali Kongo ilibadilisha jina na maofisa.

Uvira ina sababu yake ya kulijua jambo hili. Mji ulipoingia mikononi mwa waasi mwezi wa Mei 1964, na vita vikaendelea kwa miaka mingi katika milima ya Fizi, kijana wa ufuo huu alitazamwa kama muasi hata kabla hajasema neno, sawasawa na mwanafunzi wa Lovanium alivyotazamwa baadaye. Na mazoea hayo hayajakoma: tarehe 15 Septemba 2017, huko Kamanyola, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu, askari waliwapiga risasi wakimbizi wa Burundi waliokuwa wakipinga kukamatwa kwa wenzao, na zaidi ya 35 wakafa.

Kwa hiyo wana wa Uvira walio mbali wanawaomba walio nyumbani mambo mawili. La kwanza, walimu na familia waandike majina ya vijana wa eneo hili waliouawa, waliofungwa au waliolazimishwa kuingia jeshini wakiwa wanafunzi, wakati mashahidi wangali hai, kwa maana dola linaloweza kukiri kifo kimoja hutegemea kwamba hakuna aliyehesabu. La pili, kila mgombea atakayekuja kuomba kura Kavimvira au Mulongwe aulizwe hadharani ni nani atakayemfikisha askari mbele ya sheria anapompiga risasi raia asiye na silaha, na asiyekuwa na jibu asipewe kura.

Kwa upendo na heshima,
Wana wa Uvira walio ughaibuni