Shilingi Ibaki Shilingi

Wasomi wenzangu, katika mdahalo wa chama chetu ilitolewa hoja ati shilingi ni jina la mkoloni, kwa hivyo tulitupilie mbali tutafute la Kiafrika. Makofi yalipigwa hadi madirisha yakatetemeka. Mimi sikupiga.

Ni kweli jina lilitoka Uingereza. Hapa kwetu ilitangulia rupia kutoka Bara Hindi, ikaja florini mwaka wa 1920, na mwaka uliofuata shilingi ikashika. Wazee wa Bungoma waliitafuta kwa jasho katika mashamba ya walowezi huku Kitale ili walipe kodi. Lakini Mwingereza mwenyewe aliiacha shilingi mwaka wa 1971, pauni yake ilipogawanywa kuwa peni mia moja. Kwake imebaki hadithi, kwetu ndiyo inayonunua gorogoro ya mahindi. Sasa mwenye jina ni nani? Na mbona hatukulalamikia thumuni, senti hamsini zetu, ambalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane?

Tena jina halishibishi mtu. Anayedhani jina jipya litaipa pesa nguvu aende Chepkube, kule Bungoma karibu na mpaka, akawaulize wazee. Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia shilingi moja hadi mwaka wa 1966, kila nchi ilipoanza kutoa yake, zote zikiwa na thamani sawa. Miaka kumi tu ikapita! Baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazil mwaka wa 1975, bei ya kahawa ikapanda ulimwenguni kote. Mkulima wa Uganda, enzi ya Idi Amin, angeipeleka wapi shilingi ya kwao na maduka hayana sukari wala sabuni? Basi magunia yakavushwa usiku hadi Chepkube, yakauzwa kwa shilingi ya Kenya. Yalikuwa magendo, sikatai, na wako waliotajirika kwayo. Lakini tazameni: jina ni lile lile, shilingi moja ikakimbiliwa, nyingine ikakimbiwa.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilikataza picha ya mtu binafsi kwenye pesa zetu, na sarafu za 2018 zikaja na twiga, kifaru, simba na ndovu. Hayo niliyafurahia. Jina liacheni. Mwalimu mlezi akikubali, muhula ujao tujadili bei ya hiyo gorogoro.