Kadi ya Bima na Dirisha la Dawa

Akina mama wapendwa, mwezi huu tuzungumze habari ya dawa na kadi za bima. Wengi mnaniuliza tukitoka ibadani, na mara nyingi kwa hasira: "Dada, kadi nimelipia, mbona dirishani naambiwa nikanunue dawa?"

Swali ni la haki. Mama mwenye presha hana budi kumeza vidonge kila siku, kichwa kimuume kisimuume. Akiambiwa akanunue, hununua vya wiki mbili, kisha hukaa bila dawa mpaka ufuta au korosho ziuzwe. Nimewapokea wodini akina mama wa namna hiyo wakiwa wamepooza upande mmoja.

Kwanza ijue kadi yako. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001, ukianzia kwa watumishi wa serikali. Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ulijaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita huku mikoani ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Baadaye ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, ulizeni zahanati au ofisi ya kijiji kiwango cha sasa na huduma zake. Msitegemee aliyosema jirani mwaka juzi.

Hakuna kadi inayolipia kila dawa. Ipo orodha, na orodha hiyo hufuata ngazi ya kituo. Zahanati ina dawa chache kuliko hospitali ya wilaya ya Kinyonga pale Kivinje, na Kinyonga ina chache kuliko Sokoine, Lindi mjini. Mama wa Songo Songo anayevuka bahari kufuata dawa ahakikishe ana barua ya rufaa mkononi, la sivyo kadi inaweza kukataliwa na nauli ya boti imekwisha kwenda.

Sasa, neno "dawa hakuna" lina maana mbili, nanyi mna haki ya kuuliza ni ipi. Huenda dawa imekwisha, kituo kinasubiri mzigo kutoka Bohari ya Dawa. Mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa aombe fomu ya kuchukulia dawa katika duka lenye mkataba na Mfuko. Si kila duka la dawa linao, basi ulizeni ni lipi kabla ya kutoka getini. CHF ilijengwa juu ya vituo vya serikali, hivyo mwenye kadi yake aulize ni kituo gani cha jirani kinayo.

Au huenda dawa haimo katika orodha. Hapo rudi kwa daktari, usione haya, umwulize: je, ipo iliyomo katika orodha inayofanya kazi ileile? Mara nyingi ipo. Amlodipini, kwa mfano, ni jina halisi la dawa moja ya presha, lakini viwanda huiuza kwa majina mengi, na bei zinapishana sana. Ombeni iandikwe kwa jina halisi. (Wako wanaoamini boksi la rangi nzuri lina nguvu zaidi. Rangi hiyo mnailipia tu.)

Dawa za kifua kikuu na za kupunguza makali ya UKIMWI hutolewa bure katika vituo vya serikali, kadi iwepo isiwepo. Mkidaiwa fedha, mwoneni mganga mfawidhi.

Msigawe kidonge cha siku moja kiwe cha siku mbili ili kubana matumizi, wala msiazimane vidonge na shoga mwenye presha kama yako. Vikibaki vya siku saba, nendeni kituoni na boksi la zamani, ili kama dawa imekwisha mpate nafasi ya kuitafuta kwingine.