Mashauri ya Nyumbani: Mzee Asiyeitika



Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya masikio ya wazee wetu. Jambo hili laingia nyumbani kimya kimya, nalo laleta ugomvi na dhambi pasipo mtu kujua asili yake. Mzee huitwa asiitike; huulizwa habari ya ng'ombe, akajibu habari ya mvua; wenziwe wakicheka, yeye huketi pembeni akitazama chini. Watu wa nyumbani husema: Huyu ana kiburi. Wengine husema: Akili zimempotea. Na katika nchi yetu ya Usukuma yako maneno mabaya kuliko hayo. Twajua sote ya kuwa vikongwe wameuawa huku kwa kushukiwa uchawi, na wengine walishukiwa kwa ajili ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Basi, bibi asiyeitikia salamu, ajibuye lisiloulizwa, atapona namna gani katika vinywa vya jirani?

Kwa hiyo twasema: msimhukumu mzee kabla ya kuyapima masikio yake.

Uziwi wa uzee hauji kwa siku moja kama homa. Ndani ya sikio kiko kiungo kidogo kilichojipinda mfano wa nyumba ya konokono, na humo mna vinyweleo vidogo mno vipokeavyo sauti. Vikiisha kufa, havioti tena. Huharibika kwa uzee wenyewe, kwa makelele ya miaka mingi ya mashine za kusaga, injini za mitumbwi na migodi, na pengine kwa dawa kali, kama sindano za streptomisini walizochomwa zamani wagonjwa wa kifua kikuu.

Sauti zipoteazo kwanza ni zile nyembamba. Mzee husikia ya kuwa wasema, lakini halishiki neno lenyewe. Ukimwambia "shika", hajui kama ni "fika" au "pika", maana mwanzo wa neno umempita, na sehemu iliyobaki yafanana. Tena sauti ya mjukuu wa kike humpotea, na sauti nzito ya mwanawe wa kiume humfikia. Hapo ndipo watu husema, "Husikia atakalo tu." La, hasha! Husikia awezalo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2021 ya kuwa watu zaidi ya bilioni 1.5 wamepungukiwa kusikia kwa kiasi fulani, na ya kuwa katika watu waliopita miaka 60, zaidi ya robo wana uziwi wa kuwazuia katika maisha. Basi si ajabu ya nyumba moja, wala si laana.

Mtaijuaje hali hii? Mzee huomba maneno yarudiwe. Hukaza macho midomoni mwa asemaye. Hufungulia redio kwa nguvu. Huelewa akiwa na mtu mmoja, bali hupotea penye watu wengi. Huanza kukimbia baraza. Jaribuni hivi: mzee azibe sikio moja kwa kidole. Mmoja wenu asimame nyuma yake, umbali wa mkono ulionyoshwa, anong'one tarakimu tatu, kama nne, saba, mbili. Mzee azirudie. Akikosa, ajaribiwe kwa tarakimu nyingine. Kisha sikio la pili. Akishindwa tena, aende kwa mganga wa zahanati.

Wala msikawie, kwa maana pengine ni nta tu iliyoziba, nayo huondolewa zahanati kwa muda mfupi. Lakini msitie njiti ya kiberiti, wala unyoya, wala mafuta ya moto, wala maji ya majani. Sikio likitoa usaha, au likizibika ghafula kwa siku moja, aende hospitali siku ile ile. Hapa Mwanza iko Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure, na iko Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye mabingwa wa masikio, pua na koo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka ya kuwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Basi waulizeni viongozi wa mtaa utaratibu ulivyo sasa.

Pengine mganga atashauri kifaa cha kusaidia kusikia. Bei yake ni kubwa, chataka betri, tena chataka majuma ya kuzoea. Hakirudishi masikio ya ujana. Lakini liko la kusaidia lisilonunuliwa. Mguse mzee kwanza begani. Kaa mbele yake penye mwanga. Sema polepole, pasipo kupiga kelele. Asipoelewa, badili maneno.

Nanyi walimu, mpeni mzee benchi la mbele. Wako waachao kuungama kwa kuogopa kusikiwa na wenzao wanaongoja mlangoni. Mwombeni Padre awasikilize mahali pa faragha. Yezu naye alimtenga yule kiziwi na makutano kabla ya kumponya. Na Barzilai, mzee wa miaka 80, alipokataa kwenda Yeruzalemu akisema hasikii tena sauti za waimbaji, mfalme Daudi hakumwona mtovu wa adabu, bali alimbusu na kumbariki.

Jumapili hii, baada ya Misa, kila nyumba yenye mzee ifanye jaribio lile la tarakimu. Na kabla ya kulifanya, mwambieni mzee maana yake, asidhani mwamcheka.

Mungu awalinde.