BABA ni 47802: ugomvi wangu na kisomaji cha Lisp

Leo nina ugomvi na Lisp, na wapenzi wake msinirushie mawe kabla sijamaliza. Mimi mwenyewe naipenda. Lugha aliyoianzisha John McCarthy kule MIT mwaka wa 1958 bado ina mambo ambayo lugha nyingine zinayatamani tu. Ugomvi wangu ni na msemo mmoja mnaopenda kuurudia: eti ukitumia Lisp huhitaji kuandika kichanganuzi cha data, kwa sababu `print` inaandika, `read` inasoma, basi, kazi imekwisha. Kwa orodha ya majina ni kweli. Kwa nambari za heksadesimali, yaani zile za mfumo wa kumi na sita zinazotumia 0 hadi 9 kisha A hadi F, huo ni mtego.

Tuchukue Common Lisp, maana ina sheria zilizoandikwa rasmi (ANSI, 1994). Tuseme umehifadhi rangi za kurasa zako kwenye faili hivi:

(000080 0000E0 0000FF)

Rangi tatu, zote za buluu, zote zimeandikwa kwa mtindo mmoja. Sasa zisome kwa `read` katika hali yake ya kawaida. Ya kwanza inakuwa 80, ilhali wewe ulitaka 128. Ya pili inakuwa 0.0, kwa sababu kisomaji kimeona E kikadhani ni alama ya kipeo cha kumi. Ya tatu haifanani na nambari yoyote kinayoijua, kwa hivyo inakuwa simboli, jina tupu. Safu moja, aina tatu za data, wala hakuna onyo hata moja! Na si E peke yake. D na F pia ni alama za kipeo katika Common Lisp, kwa hivyo nusu ya zile herufi sita ni za hatari. 3E8 ya heksadesimali ni 1000. `read` itakupa milioni mia tatu.

Hapo atasimama fundi mmoja aseme: si uweke `*read-base*` iwe 16? Haya, tumeweka. Sasa tusome jamaa wa nyumbani:

(MAMA BABA KAKA DADA)

MAMA na KAKA wamebaki majina. BABA amekuwa 47802, na DADA amekuwa 56026. Hata BAA ni nambari, 2986, na nadhani hapo Lisp imejitaja yenyewe. Swichi hiyo haigusi nambari peke yake, inageuza kila neno linaloweza kuandikwa kwa A hadi F. Programu itakwenda vizuri miaka miwili, kisha siku moja faili itaingiwa na neno FAA, nayo itasoma 4010.

Lakini ubaya mkubwa hauko kwenye kusoma. Uko kwenye kuandika, kwa sababu kuna swichi ya pili, `*print-base*`, na mtu yeyote anaweza kuigeuza.

Kuna kikundi kimoja, sitakitaja, kilichokuwa na programu ya kadi za lango la jengo. Kijana mmoja alikuwa akichunguza nambari za kadi, akaandika `(setf *print-base* 16)` ili azione kama zilivyochapishwa kwenye kadi zenyewe, akaenda zake nyumbani. Usiku programu ikahifadhi data kama kawaida, lakini sasa kwa heksadesimali tupu. Ilipozimwa na kuwashwa tena, faili ikasomwa kwa mfumo wa kumi. Kadi ambazo nambari zake zilikuwa na herufi zikakataliwa, watu wakapiga kelele, na hilo ni afadhali. Shida ilikuwa kadi zisizo na herufi. Kadi 256 ilikuwa imeandikwa 100. Ikasomwa 100, ambayo ni kadi ya mtu mwingine kabisa! Lango likamfungulia huyo mwingine kwa jina la mwenzake, na rekodi za kuingia zikasema hivyo hivyo.

Wao walimlaumu kijana. Mimi namlaumu aliyeamua kwamba nambari inaweza kwenda kulala kwenye faili bila kusema ni ya mfumo gani. Dawa iko ndani ya lugha yenyewe: `#x100` ni 256 popote utakapoisoma, swichi ziwe zimegeuzwa zisigeuzwe. Ukiweka `*print-radix*` iwe T, Lisp inaandika alama hiyo bila kuombwa, na ikiwa kwenye mfumo wa kumi inaandika `256.` kwa nukta mwishoni, nukta inayolazimisha mfumo wa kumi. Uzuri ulioje. Ila swichi hiyo huja ikiwa imezimwa, ati nambari zipendeze machoni! Faili ya akiba haina macho, jamani.

(Na msilete 0xFF ya C. Common Lisp inaisoma kama simboli. Clojure, ndugu yake, inaisoma 255.)

Najua pia kuna `with-standard-io-syntax`, inayorudisha swichi zote mbili kwenye 10. Itumieni, wakati wa kuhifadhi na wakati wa kusoma. Lakini inawasha `*read-eval*` pia, na hapo faili yenye `#.` inaweza kuendesha amri wakati inaposomwa. Kwa faili iliyotoka kwa mtu usiyemjua, izimeni.

Halafu kuna vitu ambavyo si nambari kamwe, hata vikivaa tarakimu. Rangi, anwani za MAC, funguo za siri. Ukihifadhi `#x000080` itarudi `#x80`, sufuri nne zimekwenda na maji. Hivyo viandikeni kama maandishi ndani ya alama za kunukuu, "000080", na siku ya kuhitaji thamani iteni `(parse-integer "000080" :radix 16)`. Ikikutana na herufi isiyo yake inalalamika kwa sauti, tabia ambayo ningependa `read` ijifunze.

Anayebisha afanye jaribio dogo. Weka `*print-base*` iwe 16, hifadhi data yako yote, rudisha 10, isome, kisha ilinganishe na ya kwanza kwa `equal`. Ukipata T, umenishinda.