Mafuta ya Breki Yakipungua, Tuulize Yanakwenda Wapi

Mmezoea kutukuta hapa tukizungumza juu ya lishe ya watoto, ada za shule na mambo ya ndani ya nyumba. Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, kwa maana tutaingia chini ya gari. Gari ambalo baba hulipeleka mbio siku ya Jumamosi ndilo hilo hilo linalotupeleka kanisani siku ya Jumapili.

Hapa Kenya mapenzi ya mbio za magari si jambo la jana. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na baada ya kukaa nje ya mashindano ya dunia kwa miaka mingi, ilirudi mwaka 2021 kule Naivasha. Si ajabu basi kwamba wako akina baba na vijana wenye gari dogo la michezo, ambalo siku za mapumziko hulipeleka uwanjani kulizungusha kwa kasi huku wakipimwa kwa saa. Baba wa nyumba yetu ni mmoja wao. Hatukumkataza. Afadhali aende mbio uwanjani, amevaa kofia ngumu, kuliko kushindana na matatu barabarani.

Lakini kulikuwa na jambo moja tuliloliona tukalinyamazia. Kila alipotoka uwanjani, alifungua boneti na kuongeza mafuta ya breki. Tulipouliza, alijibu, "Ni kidogo tu, Mama, yamepungua." Nasi tukaendelea na kazi zetu.

Jumapili moja tulifunga safari kwenda kumwona nyanya wa watoto huko Naivasha. Watoto watatu walikuwa nyuma, pamoja na kikapu cha chakula. Tulipofika Limuru tukaingia kituo cha petroli, na hapo tukamwona baba akikanyaga breki mara ya pili, kisha ya tatu. Gari lilisimama, lakini uso wake ulibadilika. Kanyagio lilikuwa limezama karibu na sakafu. Mbele yetu kulikuwa na mteremko wa kwenda Mai Mahiu, nanyi mnaoijua njia ile hamhitaji kuelezwa zaidi. Tulishusha kikapu, watoto wakala chakula cha nyanya pale pale kituoni, na gari likarudi nyumbani mgongoni mwa lori. Watoto walinung'unika. Sisi tulimshukuru Mungu kimya kimya.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni hili: mafuta ya breki hayaliwi kama petroli. Yamefungiwa ndani ya mabomba, na kazi yake ni kupeleka nguvu ya mguu hadi kwenye magurudumu. Pedi zikichakaa, kiwango katika kopo hushuka polepole kwa muda wa miezi. Kikishuka kwa wiki chache, yanavuja. Kuongeza bila kutafuta tundu ni sawa na kujaza mtungi uliopasuka.

Kisha tukaelezwa kwa nini gari la uwanjani huumia upesi. Kila kona dereva hukanyaga breki kwa nguvu zote, na diski huweza kupita nyuzi 500 za Selsiasi. Joto hilo hukausha mipira iliyo ndani ya kalipa hadi ikawa migumu na kupitisha mafuta. Tena mafuta yenyewe hunyonya unyevu wa hewa. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji ya kutosha huweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke hubonyea. Hapo dereva hukanyaga na asipate kitu, hata kama hakuna tone lililovuja.

Tulitafuta uvujaji pamoja na fundi, nasi tuliona kuwa si uchawi. Gari liliinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi madhubuti, kamwe si juu ya jeki peke yake. Magurudumu yakatolewa, kila kiungo kikafutwa kikavu, na karatasi nyeupe zikatandazwa chini. Sisi tukaketi kwenye kiti cha dereva, tukakanyaga breki kwa nguvu na kushikilia kwa dakika moja, huku fundi akiangalia kwa tochi.

Aliangalia sehemu hizi: kalipa na mipira yake, nipo ya kutolea upepo, mipira ya hozi, viungo vya mabomba ya chuma, na masta silinda. Masta silinda ni ya hila, kwa sababu mpira wake wa nyuma ukifa, mafuta yanaweza kutiririka kwa ndani, karibu na miguu ya dereva, na chini ya gari usione kitu. Wewe mama unayepiga deki gari, ukikuta unyevu wa mafuta juu ya kanyagio, sema siku hiyo hiyo.

Kwetu tone lilitokea gurudumu la mbele la kushoto, mahali hozi inapoungana na kalipa. Hapo pana bolti yenye tundu katikati, na washa mbili za shaba, moja kila upande. Hozi ilikuwa imebadilishwa miezi michache nyuma kwa ajili ya mbio, lakini washa za zamani zikarudishwa. Shaba ikishabanwa mara moja huchukua umbo lake, na mara ya pili huenda isizibe. Katika mwendo wa kawaida ilinyamaza. Uwanjani, chini ya mguu mzito, ililia. Washa ni kitu cha bei ndogo sana, na watoto watatu walikuwa wakiitegemea.

Dawa ilikuwa washa mpya, na bolti kukazwa kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Kukaza kupita kiasi kunaweza kuikata. Kama ingekuwa mipira ya kalipa, ingebidi kalipa ifunguliwe, pistoni iangaliwe kutu, na mipira ibadilishwe yote. Pedi zilizolowa mafuta hutupwa, za pande zote mbili za ekseli. Wala mtu asitie mafuta ya injini katika kopo la breki, kwa maana mipira huvimba na mfumo mzima huharibika.

Mwisho ni kutoa upepo, na kazi hii huhitaji watu wawili. "Kanyaga, Mama!" "Nimekanyaga." "Shikilia." Anafungua nipo, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga. "Haya, achia." Ukiachia kabla hajafunga, hewa inarudi ndani. Kopo juu lisiachwe likauke. Kwa gari lililozeeka, tuliweka kipande cha ubao chini ya kanyagio lisizame hadi mwisho na kuumiza mipira ya masta silinda. Magari yenye ABS mengine hutaka mashine maalumu. Hapo mwachieni fundi mwenye nayo.

Neno moja kwa mama mwenye watoto wadogo. Mafuta ya breki ni sumu, nayo rangi yake yaweza kufanana na soda au juisi. Tulikuta yaliyobaki yametiwa katika chupa ya soda, juu ya rafu ya stoo. Yaacheni katika kopo lake, lenye kifuniko, mahali palipofungwa. Yakimwagika mkononi au juu ya rangi ya gari, osheni mara moja kwa maji mengi. Yale ya zamani yapelekwe gereji, yasimwagwe mtaroni.

Jioni ile baba alituambia, "Nilijua yanavuja. Niliona haya kusema, kwa kuwa fedha za mbio zilikuwa zimeshakwisha." Tulinyamaza kidogo. Sisi nasi tuliona kopo likiongezwa mara nne na hatukuuliza mara ya pili, maana tuliogopa ugomvi. Basi tumekubaliana: fedha za breki hutengwa kabla ya fedha za uwanjani, mafuta hubadilishwa kila mwaka, na kopo huangaliwa na wote wawili kila Ijumaa jioni.

Mama mpendwa, kama nyumbani kwako kuna kopo linaloongezwa kila mara, uliza kwa upole leo, wala usingojee mteremko. Bwana awalinde njiani, nasi tukutane mwezi ujao.