Popo wa Kidike
Mtu aliyekwenda Pemba kupumzika, akafika Kidike alasiri na kamera yake begani, akawaona wale popo wakubwa wa matunda, ambao kiasili hawapatikani popote ulimwenguni ila katika kisiwa kile, wamening'inia matawini na kujifunika mbawa zao, namsihi kwa dhati asipige makofi wala ukelele ili waruke apate taswira yao. Kwani mchana ndio usiku wa popo, na kumshtua, jambo nililolishuhudia kwa huzuni, ni kumdhulumu usingizi wake. Bora astahamili, aketi kimya hata karibu na magharibi, mbingu igeuke rangi ya zafarani, ndipo watakapoondoka wenyewe, kundi baada ya kundi, kuyafuata maembe na mashelisheli, na nuru ingalipo ya kuwapigia picha.